Kwa Dada Aliyelia kwa Unyoya

Mpendwa dada Nekesa,

Ningekupigia simu, lakini simu zangu huzichukui. Ujumbe nao unausoma, naona alama, halafu kimya. Sikulaumu. Nimeamua kuandika hapa mahali pa wazi, ambapo yeyote anaweza kusoma, kwa sababu mimi nilikuaibisha mbele ya watu. Si haki mtu akutukane uwanjani kisha aje akuombe msamaha nyuma ya choo. Wakisoma wa kwetu Kitale, wasome. Wakisoma wale wageni wetu wa Sirisia, afadhali zaidi.

Mimi niko Bungoma siku hizi. Nafundisha wanafunzi wa uuguzi katika chuo kimoja hapa mjini, somo la mwili wa binadamu na jinsi unavyofanya kazi. Wananiita Madam. Nikisikia jina hilo nataka kucheka, maana najua ungesema nini. Wewe ulikuwa ukiniita Profesa, na haikuwa sifa. Ulikuwa unakaa kwenye kile kigoda chenye miguu miwili mizima na mmoja wa kubahatisha, unamkamua ng'ombe wetu Baraka, na mimi nimesimama nyuma na kitabu mkono mmoja na mkia wa ng'ombe mkono mwingine ili usikuchape usoni. Nikinogewa na kitabu, mkia unaniponyoka, unakupata jichoni. "Profesa, shika mkia! Vitabu havitoi maziwa!"

Nakumbuka mikono yako wakati ule. Ulikuwa unakamua haraka hadi povu linapanda juu ya ndoo, na Baraka anatafuna tu, amefumba macho. Baba alisema kwamba ng'ombe huyo angekuwa na uwezo wa kuchagua mtu wa kuishi naye, sisi wengine wote tungefukuzwa boma. Ulinifundisha na mimi kukamua, kwanza kwa kidole chako, nikikikamua kana kwamba ni chuchu, mpaka uliposema sasa naweza kupewa ng'ombe.

Halafu yakaja mavuno ya mwaka ule, na mashine ya kupukuchua mahindi tuliyoikodi. Vumbi lilikuwa jingi hadi hatukuonana vizuri. Ulikuwa unasukuma magunzi kando, mkanda wa mashine ukaushika mkono wako wa kushoto, na kabla Baba hajazima injini ulikuwa umeshachanika vibaya juu ya kifundo cha mkono. Hukulia sana siku hiyo. Zahanati walikushona, wakakufunga bendeji nyeupe, na jioni ukatuchekesha ukisema sasa una mkono mmoja wa kanisani na mmoja wa shambani. Wiki chache baadaye nyuzi zilitolewa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri kabisa, kimebaki mstari tu. Sote tukamshukuru Mungu, tukakungoja urudi kazini.

Hukurudi. Ulisema mkono unawaka. Ulisema ni kama umepakwa pilipili ndani, chini ya ngozi, mahali ambapo huwezi kunawa. Maji ya baridi ulikuwa huyataki. Mkono wa sweta ulikuwa unaukunja hadi kwenye kiwiko, hata asubuhi ile ya Kitale ya ukungu na baridi ya kung'ata, na juu yake unaweka leso, umeilegeza, kama hema. Mama alikugeuza mkono mara nyingi, akautazama juu na chini. "Kidonda si kimefunga? Sasa uchungu unatoka wapi?" Wewe ukairudisha leso juu ya mkono.

Kazi yako ikanijia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko darasa la mtihani, na kila siku kabla ya kwenda shule nilikuwa nakamua, nabeba maji, nafua, huku wewe umekaa jikoni na hema lako la leso. Sikuwa nimeacha kukupenda, dada. Nilikuwa nimechoka, na mtoto aliyechoka anatafuta wa kulaumu. Nikaanza kusema kile ambacho majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona, kwamba uliupenda ule ugonjwa. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, pale kisimani: "Nekesa anajifanya."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nitaieleza yote ili atakayesoma asiseme nimejipendelea.

Watu wa Wafula walikuja kutoka Sirisia kwa maongezi. Wafula alikuwa mwalimu, mpole, na tulijua sote kwamba wewe na yeye mlikuwa mmeshakubaliana zamani, kilichobaki ni wazee kuketi. Baba alichagua majogoo wawili. Kwetu mgeni wa namna hiyo akiondoka bila kuku ni afadhali asingekuja. Sisi wasichana tukawa jikoni na maji ya moto na karai, tunanyonyoa. Wewe ulikuwa unanyonyoa kwa mkono wa kulia pekee, polepole, na ule wa kushoto umelala mapajani chini ya leso. Mimi nilishamaliza wangu, nikawa natazama wa kwako na kusonya.

Ndipo shangazi yake Wafula akaingia jikoni. Alisema amekuja kutusalimia, lakini kila mtu anajua shangazi wa bwana harusi haendi jikoni kwa ajili ya salamu. Anakwenda kuona bibi harusi anashikaje kisu. Akakutazama. Akauliza, kwa upole tu, "Huyu wetu mkono wake umefanya nini?"

Wewe ulifungua mdomo ujibu. Mimi nikakuwahi. Nikasema, "Hakuna kitu, shangazi. Ulishapona. Anaogopa hata unyoya." Nikaokota kinyoya kimoja kidogo kikavu, kilichokuwa kimeanguka kabla jogoo hajatiwa majini, nikaivuta leso yako, nikakupitishia juu ya mkono.

Ulipiga kelele ambayo wazee waliisikia sebuleni. Uliruka, karai likapinduka, maji na manyoya yakaenda sakafu nzima. Binamu zetu walicheka hadi wakashikilia ukuta. "Ati unyoya! Si unyoya tu bana!" Nami nikacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, shangazi yake Wafula. Alikutazama, akatazama ule unyoya mkononi mwangu, akatoka akiinua sketi yake isilowe.

Walikula. Walishukuru. Baba alipewa mkono. Wiki tatu baadaye ujumbe ukaja kwamba wamefikiria, na Wafula bado ni kijana, na mambo hayana haraka. Nilimsikia mama mmoja aliyekuwa ameandamana nao akieleza sokoni: "Msichana ni mzuri, harafu anaria kwa unyoya wa kuku. Huyo ataweza kazi gani?" Hukungoja niyalete nyumbani. Ulikuwa umeshayasikia. Mwaka haujaisha ukaenda Suam, kule mpakani, kuuza vitenge, na tukaambiana kwamba umekwenda kutafuta riziki.

Nina sababu ya kuandika sasa, baada ya miaka yote hii. Vumilia kidogo somo la Profesa.

Nilipokuwa Nairobi nikisomea shahada ya pili, kazi yangu ilikuwa kutazama seli za neva za panya. Si neva zote, bali zile za hisia, zinazochukua habari kwenye ngozi na kuzipeleka ndani: huu ni moto, hii ni baridi, hapa nimeguswa, hapa naumia. Seli zinawekwa kwenye kisahani kidogo cha kioo na kutiwa rangi inayong'aa ikikutana na kalisiamu. Ndiyo, kalisiamu ile ya maziwa na mifupa. Ila ndani ya neva ina kazi nyingine. Seli ikiwa imetulia, kalisiamu ndani yake ni kidogo mno. Ikipanda ghafla, ujue seli imeshtuka na ina jambo la kusema. Basi unakaa kwenye skrini unatazama zipi zinawaka.

Kwenye ngozi ya seli hizo kuna vipokezi, na baadhi yake vinapokea glutameti, kemikali ambayo neva hutumia kusemezana, na ambayo pia humwagika mahali mwili ulipoumizwa. Aina moja ya vipokezi hivyo ni mlango hasa. Glutameti ikiugusa unafunguka, kalisiamu inaingia kutoka nje. Aina nyingine haifunguki kamwe. Hiyo ni kama kengele ya getini: ikigongwa, walioko ndani wanaanza kazi, na kalisiamu iliyowekwa akiba humohumo ndani ya seli inaachiliwa. Kengele hiyo ikigongwa sana, wale wa ndani wanaanza kulegeza hata milango mingine ambayo haikuhusika. Seli inabadilika tabia. Inakuwa nyepesi kushtuka.

Alasiri moja nilikuwa na msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima ambaye hapendi maneno mengi. Nilidondoshea seli kiini cha pilipili, kiasi kidogo sana, kidogo hadi hazikusikia. Skrini ilibaki na giza. Nikaziosha. Nikaweka dawa inayogonga ile kengele ya glutameti. Kisha nikarudisha pilipili ileile, kiasi kilekile ambacho dakika chache nyuma hakikuwa kitu. Skrini ikawaka.

Nikasema, "Daktari, nimekosea kipimo." Tukarudia na kisahani kingine. Ikawa vilevile. Nikacheka, nikaonyesha seli moja iliyokuwa inang'aa kupita zote. "Hii inadanganya. Kitu kidogo hivi hakiwezi kuiumiza."

Yeye hakucheka. "Idanganye ili ipate nini?" akaniuliza. "Haijui hata kama unaitazama. Wewe andika ulichoona."

Sikuandika. Nilivua glovu, nikaenda kusimama kwenye korido, nikalia hadi mfagizi akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nakuona pale jikoni, karai limepinduka. Dada, wewe ulidanganya ili upate nini? Ulipoteza mume uliyemtaka. Ulipoteza nyumba, na ng'ombe aliyekupenda, na jina lako pale kisimani. Hakuna mjinga duniani anayelipa hivyo vyote ili asifue nguo.

Niseme ukweli wote. Zile zilikuwa seli za panya, na mimi sijawahi kuziona neva za mkono wako. Tena habari haiishii kwenye ngozi. Neva za hisia zenyewe hutoa glutameti zinapofika kwenye uti wa mgongo, na kule nako kuna vipokezi na kalisiamu na seli zinazojifunza kushtuka, mpaka mguso wa kawaida unapokelewa kama jeraha. Mambo mengi bado hatuyajui. Lakini hili linajulikana, na nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: neva iliyokatwa inaweza kuendelea kulia muda mrefu baada ya ngozi kufunga, na mtu wa namna hiyo akiguswa na kitu laini, pamba au unyoya, anaumia kweli. Madaktari wenyewe hutumia pamba kupima. Kile nilichowaonyesha watu kama ushahidi kwamba unajifanya ndicho kilichokuwa ushahidi kwamba unasema kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tulikuwa tunabishana na maiti.

Kila nikifika kwenye somo hilo inabidi nigeukie ubao, nipenge kamasi. Wanafunzi wanadhani nina mafua.

Unakumbuka tulivyoonana kwenye mazishi ya Baba? Ulikuja asubuhi, ulipanga foleni na waombolezaji kama mtu wa mbali, ukanipa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa sweta kubwa la wanaume. Mwanao alikuwa mgongoni, sikuwahi hata kumbeba. Nikakuuliza kwa sauti ndogo, "Bado?" Ukaniambia, "Bado nini? Si ni unyoya tu." Ukapita kumsalimia anayefuata. Maneno hayo nimekaa nayo kuliko mahubiri yote ya siku ile.

Mwezi uliopita nilikwenda Kitale kumweleza Mama. Nilimkuta barazani anachambua maharagwe. Nikaketi naye, tukachambua pamoja, nikamweleza polepole: seli, milango, kengele, pilipili. Nilipotaja glutameti nikamwambia hata kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti imo. Akasimamisha mikono. "Kwani ni mchuzi ndio ulimharibu mtoto wangu?" Nikamwambia hapana, ya kwenye neva inatengenezwa na mwili wenyewe. Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa hivyo Nekesa alikuwa anaumwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa namtuma kufua. Na maji ya baridi. Asubuhi."

Nikatoa harage bovu, nikalitupa.

"Sasa mimi ningejua aje? Kidonda si kilikuwa kimefunga? Nilikiangalia na macho yangu."

"Hungejua, Mama."

Akainua kichwa, akanitazama kwa yale macho yake ya kutafuta mawe kwenye maharagwe. "Na wewe? Wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Sikujua, Mama. Nilikuwa mtoto."

Akaridhika. Akasema, "Basi enda umwambie dada yako. Mwambie mimi nimesema nilikosa. Mimi kwa simu sitaweza, nitalia tu na pesa iishe." Nimekuletea ujumbe wake kama alivyoutoa.

Lakini jibu nililompa Mama lilikuwa uongo, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie wewe kabla ya kumrudia yeye.

Nilijua, Nekesa. Nilikuwa karibu nawe kuliko wote jikoni mle. Unyoya ulipokugusa, kabla hujapiga kelele, niliuona mkono wako. Vinyweleo vilisimama upande ule wa kovu peke yake. Jasho lilikutoka juu ya mdomo palepale, na uso ukapauka. Mtu hawezi kuyaigiza hayo. Nilikuwa nimekuona ukiigiza mara mia, ukimwigiza mchungaji, ukimwigiza Baba akitafuta miwani, na nilijua sura yako ya kuigiza ilivyo. Ile haikuwa sura ya kuigiza. Nilipata nafasi, fupi sana lakini ilikuwepo, ya kusema, "Ngojeni, anaumia kweli." Shangazi yake Wafula alikuwa bado amesimama pale. Neno hilo lingebadilisha kila kitu. Nikatazama binamu zetu wanavyocheka, nikaona raha kwamba kwa mara moja wako upande wangu, nikacheka pamoja nao.

Kwa hiyo sikuombi msamaha wa mtu ambaye hakusoma. Miaka mingi nilijificha nyuma ya hilo, kwamba tulikuwa wajinga, sayansi haikuwa imetufikia. Haikuhitajika sayansi yoyote pale jikoni. Elimu yangu yote imenisaidia kueleza vizuri jambo nililoliona kwa macho nikiwa na miaka kumi na mitano.

Mama nitamwambia pia. Nitakwenda Jumapili baada ya ibada, na akinifukuza nitastahili.

Jumamosi inayofuata nitakuja Suam. Sitaleta watu wa kunitetea wala zawadi ya kukufunga mdomo. Nitasimama nje ya duka lako. Ukitaka kunitukana, tukana mbele ya wateja, hiyo ni haki yako. Ukifunga mlango nitarudi Bungoma na sitasema kwa yeyote kwamba una roho ngumu. Kunisamehe ni juu yako, na hata usiponisamehe kuna jambo moja bado nakuomba.

Nenda hospitali. Nimesikia kwa mtu kwamba bado unabeba mizigo ya vitenge kwa bega la kulia tu, na kwamba akikuuliza unasema ulizoea. Zipo dawa za maumivu ya neva. Hazimsaidii kila mtu, na hazifuti kila kitu, lakini zipo, na kuna madaktari Kitale na hapa Bungoma wanaozijua. Daktari akikuuliza inauma vipi, usimwambie "kidogo tu". Mwambie yote, ya sweta, ya maji ya baridi, ya unyoya. Akicheka, ondoka utafute mwingine, hata mimi nitatafuta pamoja nawe. Usiendelee kunyamaza kwa sababu yangu.

Mbebe mtoto kwa niaba yangu, kama utaona vyema.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kukamua kwa kidole chako,

Nasimiyu